Fundi Privatus Kahigi na Chaja ya Kamachumu

Marehemu Privatus Kahigi, ambaye wengi wenu mlimwita Ta Privatus, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 hapa Kaagya, mtoto wa nne wa mzee Mwijage, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1984, kisha akajifunza ufundi umeme Mwanza, na tangu 1991 akaifanya kazi hiyo Bukoba na Muleba mpaka mwili ulipokataa.

Tarehe 6 Septemba 1997 alifunga ndoa na Agnes Kokuberwa, wakajaliwa watoto watatu, Kyaruzi, Rozi na Sospeter.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na safari za matibabu zikamchosha yeye na mkewe, ila kazi hakuiacha. Tarehe 5 Mei mwaka huu wa 2025 aliitwa Kamachumu kwenye chaja ya bajaji za umeme, akakuta kontakta, kile kifaa kinachounga na kukata umeme, imechakaa, ncha zake zimeungua na kugandana, hivyo plagi inabaki na umeme hata chaja ikizimwa. Madereva walimsihi aiache, maadamu bado inachaji, naye akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, akasema, "Mtanichukia, lakini sitakuja kuwazika." Walimchukia kweli, siku kumi na tisa bajaji zimelala, wengine wakisema mgonjwa anawakomoa wazima.

Kontakta mpya ilipofika, tarehe 24 Mei, alikwenda na miguu imevimba, Agnes akimsindikiza, akakaa juu ya kreti la soda, akaitoa ile mbovu, lakini mikono ilitetemeka mno, akashindwa kukaza skrubu za mpya, akampa Agnes bisibisi.

"Kaza tena, bado inacheza," alimwambia, na Agnes, ambaye hakuwahi kugusa waya maishani, akazikaza zote sita. Chaja ikawaka, ilipozimwa umeme ukakatika, Privatus akaomba maji ya kunywa.

Alilazwa kesho yake, akafariki tarehe 2 Juni saa nne asubuhi, Agnes amesinzia kitini kando yake, mkono wake bado uko juu ya shuka la mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopalilia kibanja chake, mafundi wenzake, na madereva wa Kamachumu, ambao jana walikuja kuomba radhi, Agnes akawaambia wakae, wale chakula kwanza.

Lala, Ta Privatus, Mungu akupe amani.