Severina Jelagat na Wimbo Ambao Hakuufuta

Severina Jelagat Songok alizaliwa tarehe 17 Agosti 1986 huko Mosoriot, Nandi, binti wa Mzee Francis Songok na marehemu Roselyne. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2004. Gitaa alifundishwa na mjomba wake, ambaye aliwapokea yeye, kakake Nick na mama yao walipotoka nyumbani Aprili 1997.

Novemba 2010 alikwenda Dubai kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Chumba chao cha Al Qusais kilikuwa na wanawake wanane, kwa hiyo mazoezi aliyafanyia kwenye ngazi. Siku moja Erisa Wasswa, mlinzi Mganda wa ghala huko Jebel Ali aliyekuja kumtembelea rafiki katika jengo hilo, aliuliza ni nani anayeimba. "Ni redio," akajibu kwa aibu. Ijumaa iliyofuata Erisa alirudi. "Dada, ile redio leo imeharibika?" Walifunga ndoa kanisani tarehe 22 Mei 2015, wakajaliwa binti, Daisy.

Aliimba kantri kwa Kiswahili na Kinandi. Hakuwa na kampuni wala meneja. Alirekodi huko Rashidiya, Dubai, chumbani kwa rafiki yake Trinah, magodoro yameegemezwa ukutani, wakinyamaza kila ndege ilipopita hadi Trinah aseme, "Yalla, tuendelee." Albamu ya kwanza ilitoka 2014. Ya pili, ya Agosti 2017, ilikuwa na "Mama Yuko Nje", wimbo kuhusu siku ya mvua ambayo baba alimfungia mama mlango. Ulipigwa redioni hadi huku nyumbani.

Baba yake, mzee wa kanisa, alimtuma Nick: wimbo uondolewe, la sivyo asikanyage tena boma lake. Nick aliufikisha ujumbe huo, na yeye mwenyewe akamsihi aufute.

"Wewe pia ulikuwa ndani, Nick," Severina alisema. "Ulimsikia akigonga."

Baada ya hapo hawakuzungumza kwa zaidi ya mwaka mzima.

Oktoba 2018 figo za Severina zilianza kushindwa. Tarehe 2 Machi 2019, Severina akiwa kitandani hospitalini Dubai, baba alimpigia simu. Erisa alimshikia simu.

"Severina, uondoe ule wimbo. Nakuomba."

"Baba, nionyeshe mstari ulio wa uongo. Nitauondoa leo hii."



"Hakuna," Mzee alisema. "Umeimba kwamba aligonga mara tatu. Aligonga hadi mvua ikaisha."

Severina alilia, kisha akaomba azungumze na Nick. Alifariki tarehe 6 Machi 2019.

Ameacha mume wake Erisa, binti yake Daisy, kaka yake Nick anayesoma maneno haya, na baba yake, Mzee Francis, aliyeketi hapa mbele. Ni yeye aliyetaka mazungumzo yale yaandikwe na yasomwe bila kupunguzwa neno.

Severina, pumzika salama mikononi mwa Mungu.