Candida Mlay, Aliyekataa Kurudi Kwao

Marehemu Candida Mlay, Mama Nice kwa Kariakoo nzima, alizaliwa Kilema, Kilimanjaro, tarehe 9 Machi 1957. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba. Sekondari hakuipata, na wala haikumnyima usingizi, maana mdomo alikuwa nao tayari.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Gaudens Mlay. Wakahamia Mchafukoge, wakafungua duka la jumla la mabeseni Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mumewe alimtangulia mwaka 2014.

Asubuhi ya tarehe 12 Februari 2021 habari zilifika dukani kwamba mtoni, kwenye bonde la Jangwani, samaki wamejaa juu ya maji, wanaokotwa kwa mkono. Watu wakapigana vikumbo kununua mabeseni. Mama Nice akauza, akamshukuru Mungu, kisha naye akabeba beseni lake akaenda. Alikuta samaki wanatweta, midomo wazi. Mpwa wake Steven, anayesomea mambo ya maji, akamweleza kwamba uchafu ukioza mtoni humaliza hewa iliyomo majini, na joto likizidi ndiyo hupungua kabisa. Mito mingi duniani inakabwa hivyohivyo.

"Kumbe walikuwa wanatafuta pumzi," alisema, "na mimi nawauzia watu beseni." Ilimuuma sana.

Tangu hapo hakunyamaza. Kila Ijumaa alisimama na wateja wake kwenye geti la kiwanda kimoja kinachomwaga maji machafu mtoni. Meneja akamwambia, "Mama, si urudi kwenu Kilimanjaro kwenye maji safi?"

"Kwetu ni hapa," alimjibu. "Na hapahapa nitazikwa, unaniangalia."

Presha ilimwanza mwaka 2023, moyo ukachoka. Alifariki tarehe 4 Mei 2025. Wazee wa ukoo walishakodi gari la kumpeleka Kilema, alale kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya mumewe kama ilivyo desturi yetu. Binti yake Nice akagoma, akasema mama aliacha neno. Kikao kikachacha, mpaka shemeji wa marehemu, Mzee Heriel, akasema, "Candida akiwa hai hakuna aliyemweza. Tusijidanganye kwamba leo tutamweza." Ndiyo maana tumekusanyika hapa makaburini Kinondoni, na mwenye kununa anune.

Ameacha watoto wawili, Nice na Bryson, na wajukuu watano. Kiwanda bado kinamwaga. Ijumaa Nice atakuwa getini, nasi tutakuwa nyuma yake.

Mama yetu apumzike kwa amani. Waliomwambia arudi kwao, hatutawapumzisha.