Aliyeshika Taa

Nje ya kibanda cha Wembe, kinyozi, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa siti ya nyuma ya basi, mpaka Shemeji, fundi makochi, alipolivika ngozi mpya na kuliwekea miguu ya mbao. Ni la kukaa watu watano, au Mama Dozi wa duka la dawa na watu watatu, na hilo Mama Dozi hulisema mwenyewe kabla hujamsemea. Hapo ndipo kila Jumamosi mchana, wateja wakipungua, watu wazima wenye mvi na wajukuu hukaa kupigana na majoka. Mchezo wao hauna mpira wala karata. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana shujaa wake wa kutunga, na dadu yenye pande ishirini ndiyo inayoamua kama upanga umekata joka au umekata hewa. Msimulizi ni Spika, karani mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema "Utaratibu!" hata akiwa peke yake bafuni. Hasara anatengeneza simu, na dadu haijawahi kumpenda. Shemeji alikuwa shemeji wa Wembe peke yake, maana alimuoa dada yake, lakini kijiwe kizima kilimwita hivyo, hata mteja aliyepita mara moja kunyolewa ndevu. Walimzika kabla ya mvua. Mvua zimekuja zimekwisha, na nafasi yake kwenye benchi bado haijakaliwa.

Jumamosi hiyo Spika alikuja na kitabu kipya cha mchezo kwapani na uso wa mtu anayekwenda kusoma hukumu. Akakalia kigoda chake, akakohoa.

— Utaratibu! Visa vipya vimetoka. Vitatu, jalada moja. Joka letu tumeshaliua, hatuna pa kwenda. Leo tunachagua.

— Mimi habari zake ninazo, Hasara alisema, macho kwenye simu. Huku mtandaoni mashabiki wamechachamaa! Huyu hapa anasema majoka ya safari hii ni mapole, yanaomba radhi kabla ya kukuchoma.

— Na sumu je? Mama Dozi akadakia. Sumu wameifanyaje?

— Sumu unapona ukilala.

— Ukilala? Mama Dozi akashika kifua. Miaka yote hii nawapigia watu kelele, maliza dozi, maliza dozi, leo linakuja jitabu linawaambia walale! Hao waandishi wamehongwa na watengeneza magodoro. Niandikieni mahali.

Siku nyingine Wembe angecheka mpaka apaliwe. Siku hiyo alikuwa anamimina kahawa kutoka kwenye chupa, anazungusha vikombe, na masikio yake yanasubiri jambo moja tu: Kishindo atakaa wapi katika hivyo visa vipya?

Kishindo ndiye shujaa wa Shemeji, askari mnene mwenye rungu, bingwa wa kuvunja milango iliyokuwa wazi. Na kijiwe kina sheria yake ambayo haimo kitabuni. Mchezaji asipokuja, shujaa wake hafi wala hapigani. Anakaa nyuma ya msafara, ameshika taa. Aliyeshika taa haguswi. Joka likitema moto, moto unampitia pembeni. Daraja likikatika, yeye ameshavuka. Ikawa ndiyo lugha yao, mtu akibanwa na kazi au akiugua anatuma ujumbe, "Leo nimeshika taa," na hakuna anayeuliza zaidi. Shemeji alipolazwa aliutuma ujumbe huo Jumamosi hadi Jumamosi, mpaka ikafika Jumamosi ambayo Wembe aliuandika kwa niaba yake, vidole vya mwenyewe vikiwa vimegoma. Baada ya mazishi walikutana hapo benchini, kila mtu anatazama viatu vyake. Spika akakohoa, akasema, "Kishindo ameshika taa. Tuendelee." Wakaendelea. Na tangu hapo wameendelea, na yeye nyuma yao na taa yake.

Lililomkaba Wembe zaidi lilikuwa nyumbani. Dada yake, ambaye mumewe akiwa hai aliuita mchezo ule "wazee kudanganyana mchana kweupe", amehamia kwake tangu msiba, na kila Jumamosi humngojea mlangoni. "Mmefika wapi leo? Na Kishindo?" Wembe anamjibu, "Ameshika taa." Basi dada anaitikia kwa kichwa, anaingia jikoni, anapakua, anakula. Siku nyingine chakula anakigusagusa tu. Jumamosi anakula.

— Kisa cha kwanza, Spika alisoma. Ufalme Chini ya Maji.

— Hakifai, alisema Wembe.

— Hata sijafungua ukurasa!

— Chini ya maji taa itawakaje?

Vikombe vikasimama hewani. Hasara akaona mwenzake anazama, akamrushia kamba aliyokuwa nayo, yaani mdomo.

— Mtu mzima kasema kweli! Maji, maji, kila wakitoa kisa ni maji. Juzi mafuriko, kabla yake ziwa lenye meno. Hapo pana mkono wa wauza miavuli, nawaambieni. Wahenga walishasema, mchumia juani hulia kivulini.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? Spika akauliza.

— Kivuli kinatoka wapi, kama si kwenye mwavuli?

— Utaratibu! Kisa cha pili. Ndege wa Kioo. Mashujaa wanasafiri mgongoni mwa ndege. Nafasi ni nne.

— Ndege wa kioo! Mama Dozi akapiga paja. Mimi nikipanda hapo si anakuwa vigae? Huyo mwandishi hajawahi kuona mwanamke aliyeshiba. Kalelewa na vijiti vya meno.

— Nafasi nne, Wembe alirudia. Na sisi na Kishindo wanne. Hapo sawa.

Spika akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na Spika akifuta miwani ujue hukumu ni nzito.

— Wote wanne lazima warushe dadu, Wembe. Aliyeshika taa harushi. Kwa hiyo nimemwalika mtu. Yule fundi wa umeme aliyepanga nyuma ya duka la Mama Dozi. Anakuja leo.

Wembe aliweka kikombe chini.

— Umemwalika akae wapi?

Hakuna aliyeitazama ile nafasi kwenye benchi. Walitazama barabara, walitazama angani, Hasara akatazama ndani ya simu aliyokuwa ameshaizima.

— Kipo na cha tatu, Spika alisema, na sauti yake ya mahakamani ikawa ya kuombea maji. Mji Usio na Usiku. Huko jua halitui.

Safari hii hakuna aliyeuliza habari ya taa. Mji ambao jua halitui, taa ni ya nini? Hasara alipoona macho ya Wembe yameanza kujaa, alifanya kile anachofanya siku zote: aliacha mdomo utangulie, akili itafuata.

— Mnajua siri ya hivi visa? Nimechimba sana huku mtandaoni. Mwandishi wake alishakufa! Zamani! Wenyewe wanaficha. Kila kitabu kikitoka wanamwandika jina kwenye jalada kana kwamba yupo, mashabiki wanamtumia salamu, kuna mtu anazijibu kwa niaba yake, kumbe mwenyewe…

Hapo masikio yake yalimsikia mdomo wake. Akababaika, akatafuta methali ya kuzibia tundu, yoyote, ya karibu. Sasa, maishani mwake Hasara hajawahi kuipatia methali. Huyu ndiye aliyesimama harusini akampongeza bwana harusi kwa "majuto ni mjukuu". Lakini siku ya mtu ikifika imefika.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema.

Ikakaa mahali pake sawasawa, kama kofia ya kushonewa.

— Hasara, Mama Dozi alinong'ona. Miaka yote hii. Ndiyo leo umeamua kupatia?

— Wembe, nisamehe ndugu yangu. Haki ya Mungu nilikuwa natafuta ile ya nyani.

— Si neno, Wembe alisema.

Lilikuwa neno. Alijipapasa mfukoni akatafuta kitambaa, akakikosa, akajifuta kwa kile kitambaa cha kufungia wateja shingoni, kikamwachia vinywele vya watu shavuni.

— Visa vyote vitatu vibovu, alisema. Kirudishe hicho kitabu. Turudie vile vya zamani.

— Vya zamani tunajua joka liko wapi, Spika alisema kwa upole.

— Si ndiyo vizuri! Nyie mkitoka hapa mnarudi kwa wake na waume zenu, mnaulizwa kama mmeleta mkate. Mimi narudi kwa dada. Naulizwa "Na Kishindo?" Nimjibu nini? Kwamba ndege hakuwa na nafasi? Yule Jumamosi ndiyo anakula, Spika. Jumamosi tu!

— Unadhani mimi ni jiwe? Nimeua wafalme kwenye kigoda hiki. Nimezamisha visiwa na watu wake na sikukatisha kahawa. Huyu mmoja nimeshindwa. Nikisimulia namsikia nyuma yangu anaburuta miguu.

— Basi si yupo?

— Yupo, Wembe. Ndiyo maana silali.

Kabla mtu hajasema lingine, ngazi ilikata kona. Nyuma ya ngazi alikuwepo mwanamke mwembamba, mkanda wa koleo kiunoni, utando wa buibui kwenye kilemba.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu wanaume.

— Marahaba, mwanangu, ila mimi usinichanganye na hawa, alisema Mama Dozi. Karibu, fundi.

Fundi wa umeme akaitazama ile nafasi kwenye benchi, akazitazama nyuso zao, akailaza ngazi chini na kuikalia ngazi yake. Mama Dozi akampa kahawa. Spika, akishukuru kupata kazi ya kufanya, akamweleza mchezo: dadu, mashujaa, zamu. Mchawi wa Mama Dozi. Mwizi wa Hasara, ambaye kila akinyata anakanyaga paka. Mrusha mishale wa Wembe.

— Na nyuma yupo Kishindo, alimalizia, halafu akasita. Yeye ameshika taa.

— Huyo ni wa nani?

Mama Dozi ndiye aliyejibu, na alijibu huku amemshika Wembe goti.

— Wa shemeji yake huyu. Tulimzika kabla ya mvua.

— Poleni, fundi alisema. Poleni sana. Na tangu hapo ameshika taa?

— Tangu hapo.

Alinywa kahawa kidogo. Alionekana mtu ambaye swali limemfika na anaona aibu kuliuliza ugenini.

— Mtanisamehe, mimi mgeni. Kazi yangu mimi ni ya darini. Huko ni giza, siwezi kugusa waya bila mtu wa kunimulikia tochi. Na hata awe jitu la miraba minne, hachukui muda mrefu naona mwanga unaanza kutetemeka ukutani. Yeye hasemi kitu, watu hawapendi kusema. Ila mwanga ukitetemeka najua mkono umechoka, namwambia shuka, mwenzio akupokee. Sasa huyu wenu. Akichoka, anampokea nani?

Spika akakivuta kitabu, akakifunua mwanzo, akakifunua mwisho.

— Humu hawajaandika, alisema.

— Sijauliza kitabu, mzee wangu. Nawauliza nyie.

Mama Dozi aliinua chupa ya kahawa akaiinamisha juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha, akabaki ameiinamisha vilevile.

Na Wembe, badala ya Kishindo, akamwona Shemeji. Akauona ule mkono uliokuwa ukivuta ngozi ya kochi la watu watatu mpaka misumari inaomba poo, jinsi ulivyolala juu ya shuka la wodi kama kitu alichosahau mgeni. Siku zile za mwisho alikwenda na mashine na wembe kumnyoa kitandani, na Shemeji akamwambia, "Nishikie kichwa, bwana, leo kizito, sijui nimewaza nini," wakacheka wote wawili, na Wembe akakishika. Alikishika mpaka akamaliza kunyoa, na hata alipomaliza hakukiachia, na Shemeji hakumwambia akiachie.

— Dada ataniuliza, alisema. Hapohapo mlangoni, kabla sijavua viatu. Nimwambieje?

Kikombe chake, alichokuwa amekiokota tena bila kujua, kilianza kugonga kisahani, na kahawa ikamwagika vidoleni. Mama Dozi akaweka chupa chini, akanyoosha mkono, akampokea.