Klaas Mtsweni na Sufuria Iliyomshtaki

Ijumaa, tarehe 31 Machi 2023, Baba Klaas Mtsweni anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kurejesha maji, hapa nje ya Middelburg, kwa miaka thelathini na mmoja. Wasifu wa namna hii huanza na vyeti. Yeye anacho kimoja tu, cha kuendesha trekta, kwa hiyo nitaanza na maswali yake.

Alikuja kama mkwangua ukoko. Maji ya mgodini hutufikia yakiwa machungu kwa chumvi. Mtambo huyachemsha, mvuke ukapoa na kuwa maji safi ya kitongoji, chumvi ikabaki nyuma. Mabomba ya ndani hushika ukoko kama sufuria ya ugali. Wiki ya kwanza aliuliza kwa nini ukoko wa chini ni mgumu kuliko wa juu. Wiki ya pili akauliza inakuwaje maji yachemke humo kabla hayajafikia joto la birika la nyumbani. Mhandisi akamweleza kwamba hewa ya ndani hunyonywa na kutolewa nje, mgandamizo ukashuka. Kesho yake akarudi na maswali mengine manne, na mhandisi akaanza kutumia mlango wa nyuma.

Kwa kuuliza akawa mwendesha mtambo, na kufikia mwaka 2011 kila mtu alijua cheo cha msimamizi wa zamu ni chake. Ilisubiriwa barua tu.

Mwaka huo tulitimiza siku elfu moja bila ajali, tukapika pombe yetu ya mtama. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, akapewa kuwamiminia wazee waliotutangulia. Pombe hiyo humwagwa kwenye udongo, lakini jengo la mtambo ni saruji tupu. Akaimimina kwenye mfereji wa sakafuni, na kwa kuwa si bahili, akawapa wazee chungu kizima.

Asubuhi iliyofuata maji safi yakatoka na chumvi. Zamu ilikuwa yangu, mimi Nomasonto Masilela, mwenye miezi mitano kazini. Kitongoji kikaletewa maji kwa lori siku nane. Ofisi ikasema nimezidisha moto, nikaitwa kujieleza Jumatatu. Niliogopa sana, maana nyumbani kwetu mwenye kazi nilikuwa mimi peke yangu.

Baba Mtsweni hakuja kunifariji, alikuja kuuliza.

"Binti, hebu niambie, povu kwenye kioo cha mtambo lilikuwaje? Jeupe?"

"La kahawia, Baba. Zito, halitaki kupasuka."

"Mh! Chumvi haitoi povu la hivyo. Huyo ni mgeni. Kaingilia wapi?"

Jumapili aliwasha jiko uani kwake, akachemsha maji ya mgodi, kila mara akitia kitu kingine: sabuni, grisi, mafuta ya mashine. Mkewe, Mama Sarah, akapiga kelele, "Ukizimaliza sufuria zangu, utapikia kofia yako!" Mwisho akatia kikombe cha pombe. Povu likapanda, likainua kifuniko, likabeba chumvi mpaka nje. Ndipo akakumbuka kwamba kiwandani kwetu hakuna tone linalotupwa: mfereji wa sakafuni hurudi kwenye tangi la maji machafu yanayosubiri kuchemshwa. Mama Sarah anasema alikaa juu ya ndoo hadi maji yakakauka jikoni.

Hakuna mwingine aliyekuwa amelijua hilo. Jumatatu aliingia kwenye kikao changu na sufuria kwapani.

"Mwacheni mtoto wa watu," akasema. "Mgeni nilimwingiza mimi, tena kwa heshima zote."

Tulicheka, ila meneja hakucheka. Mimi nikarudi kazini. Barua ya Baba Mtsweni haikuja, wala haijaja hadi leo. Mfereji ule ulitenganishwa na tangi, na nje ya mlango tukaacha kipande cha udongo kwa ajili ya wazee.

Miaka minne baadaye cheo kile nilipewa mimi. Wa kwanza kunipa mkono alikuwa yeye. Tangu hapo nimemsimamia mtu aliyeniokoa, na sijawahi kumpangia zamu bila kuona haya.

Asante, Baba. Wewe na Mama Sarah muishi kwa afya na furaha, na wajukuu wakuulize hadi uchoke. Kiti ninachokalia ni chako; miaka yote hii nimekushikia tu.