Ya Nani na Iko Mkononi mwa Nani

Kuna uvumi ulioninyima usingizi tangu Vaisakhi, sikukuu yetu ya Aprili: eti kijana wetu wa Kipunjabi kafukuzwa Marekani kwa kupiga picha na bastola ya binamu yake. Nikasema ni umbea. Jumapili, kwenye basi la Yuba City, hapa California, umbea ukakaa mbele yangu.

Kijana wa chuo alikuwa anamwambia mzee wa kilemba cha bluu aliyekutana naye hapohapo, "Kaka yangu anaoa Jumamosi, mzee. Harusi bila risasi hewani ni matanga!"

"Una viza gani?"

"Ya masomo."

"Basi usiiguse bunduki."

"Si yangu, ni ya binamu. Yeye ana uraia."

"Mwanangu, hapa hawaulizi ni ya nani. Wanaangalia iko mkononi mwa nani."

"Mwenye leseni ya kuwinda anaruhusiwa. Nimesoma!"

"Unayo?"

"Nitakata."

"Kata kwanza, kisha uwinde bata, si mawingu."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza: mwanangu Tejpal ana viza hiyohiyo, na harusi za marafiki zake haziishi. Basi likasimama. Kijana akashuka kifua mbele: "Njoo harusini ule jalebi tamu, mzee, utaona mwenyewe!"

Mama mwenzangu, mtoto wako wa viza ya masomo mkataze haya:

Asishike bunduki ya mtu, hata kwa picha.
Asipige risasi hewani, awe anaoa nani.
Asimbebee binamu bastola kwenye gari.
Na polisi wakija, asiwaambie ni mila yetu.