Nerida Holloway, Aliyeupanga Upya Mwongozo wa Bandikuti

Mlio mmoja tu ulisikika usiku wa tarehe 9 Machi 1952, mjini Launceston, Tasmania, kisha mtoto akanyamaza, akatazama wodi kana kwamba imepangwa vibaya, na huyo ndiye mpendwa wetu Nerida Joan Trethewey.

Alisoma hapa hapa Launceston, akahitimu ukutubi Hobart mwaka 1973, akahudumu katika maktaba ya Devonport hadi alipostaafu mwaka 2008.

Tarehe 6 Novemba 1976 alifunga ndoa na Clive Holloway, mtunzi wa Bandikuti, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wakajaliwa Bronwyn na Ewan, ambaye ndiye mimi ninayewasomea wasifu huu.

Mwongozo wa Bandikuti baba aliuandika kwa kufuata alivyokuwa akikumbuka, hivyo namna ya kuanza ilikuwa ukurasa wa 412, na wanafunzi walipolalamika alijibu, "Wavumilie, mbona mimi nilivumilia?"

"Clive, mpenzi," mama alimuuliza, "mgeni akija unamwonyesha mlango kwanza, au bomba la choo?"

"Inategemea amebanwa kiasi gani."

Mwaka 2011, baba alipokwenda kuvua samaki ziwani, mama aliugawa mwongozo mafungu manne: masomo ya mgeni, maelekezo ya mwenye kazi mkononi, marejeo ya mwenye haraka, na maelezo ya anayetaka kujua sababu. Baba aliporudi alinuna siku tatu, hasa kwa kuwa kila alichokitafuta alikipata.

Malalamiko yalikwisha, lakini kwenye ukurasa wa shukrani baba alimtaja hata mbwa, na mama akamweka chini ya "wadau wengine".

"Mbwa ana jina, mimi mdau?"

"Toleo lijalo, mama Ewan."

Yakatoka matoleo mengi, na kila moja mama alilifungua kwenye ukurasa huo kwanza, kisha akalifunga.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na hata kitandani aliwapangia wauguzi vipeperushi, "Utajisikiaje" kikatangulia "Maegesho ya Magari". Alifariki tarehe 2 Agosti 2024.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani walioleta keki nyingi kuliko nafasi ya friji yetu, na wanabandikuti wote. Sentensi ya mwisho baba ameomba aiseme mwenyewe.

"Toleo jipya limetoka leo asubuhi, mke wangu, nimechelewa, nisamehe, lala salama, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, unasema: mwongozo huu umepangwa na Nerida."