Rangi ya Mnyama wa Luqman

Kijiwe chetu kipo Kasingirima, Ujiji, penye ukuta wa duka la cherehani lililofungwa siku nyingi. Tunakaa hapo baada ya swala ya Alasiri, Abeid anapokuja na dele lake la kahawa. Gervasi tunamwita Daktari, kwa kuwa alifagia wodi miaka mingi na dawa zote anazijua kwa rangi. Omari ni Kepteni. Aliwahi kukata tiketi za meli. Mimi ni Baba Luqman, na wameendelea kuniita hivyo hata baada ya Januari, mwanangu alipozama. Luqman alikuwa akipiga mbizi peke yake kuvua samaki wa mapambo. Wiki moja kabla ya kufa alimletea mama yake jiwe lenye gamba la kijivu, kama ukoko wa wali. Likakaa dirishani. Mwezi uliopita Recho, binti anayechunguza viumbe wa ziwa huko Kigoma mjini, aliliona akaomba kipande kidogo kama ukucha. Nilisita, kisha nikampa. Jana akapiga simu kwamba leo analeta jibu, nami nikalibeba jiwe hadi kijiweni.

— Nilishasema huu ni ukungu, akaanza Daktari. Kama ule wa mkate.

— Ukungu chini ya maji? akasema Kepteni. Hayo ni mayai ya kambale. Kambale mkubwa anataga kwa kubandika.

— Kambale gani anataga gamba?

— Wa kilindini. Wewe umefika kilindini?

— Na wewe je?

— Nimekaa na meli miaka kumi na moja.

— Umekaa na kidirisha cha tiketi!

— Samaki mkunje angali mbichi, Daktari.

— Hiyo inahusu malezi ya watoto.

— Kwani huyu si mtoto wa kambale?

Daktari akaweka kikombe chini.

— Basi nikwambie ukweli niliokuwa nauficha. Hiki ni kipande cha nyota. Kilianguka zamani, maji yakakizima.

— Ulikuwepo?

— Babu yangu alisikia kishindo.

Bodaboda ikasimama. Recho akashuka, akavua kofia ngumu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Tuambie, nikasema.

— Ni mnyama.

Hakuna aliyecheka. Kepteni alisogea mbali kidogo na jiwe.

— Anaitwa sponji. Wengi wako baharini, ila wapo na wa maji baridi, humu ziwani.

— Sponji? Kwa hiyo godoro langu ni mnyama?

— La dukani linatoka kiwandani, Mzee Omari. Huyu anazaliwa.

— Mdomo wake uko wapi?

— Hana mdomo. Ana matundu mwili mzima. Anavuta maji, anachuja chakula, anayatoa.

Akatuonyesha picha kwenye simu. Zilikuwa sindano nyembamba, angavu, zenye miiba kwenye ncha mbili.

— Hii ndiyo mifupa yake. Tulikichemsha kile kipande kwenye tindikali, nyama ikayeyuka, zikabaki hizi. Ni glasi. Kila aina ina sindano za umbo lake, na ndizo tunazomtambulia. Tumezilinganisha na za wote walioandikwa wa ziwa hili. Huyu hayumo.

— Glasi ameitoa wapi? nikauliza.

— Majini, Mzee. Anaikusanya kidogo kidogo, kutoka maji haya haya.

Abeid aliacha kumimina. Maji hayo nimeyaoga miaka sitini na minane. Nimeyatawadhia. Ndiyo niliyomwoshea mwanangu mara ya mwisho. Yalikuwa na glasi ndani yake, na kulikuwa na kiumbe anayejua kuitoa, mimi sikujua. Nikasema, Subhanallah. Daktari akafanya ishara ya msalaba.

Recho akafungua daftari.

— Limebaki jambo moja. Lazima tuandike rangi yake alipokuwa hai, kwa sababu akikauka inapotea. Alikuwa na rangi gani?

— Kijani, akasema Kepteni papo hapo.

— Zambarau, akasema Daktari. Kama dawa ya vidonda vya mdomoni.

— Kijani asubuhi. Jua likipanda, anageuka bluu.

— Nani kati yenu alimwona ndani ya maji? akauliza Recho.

Daktari akachukua kikombe chake, Kepteni akatazama viatu vyake.

— Na bila rangi? nikauliza.

— Profesa wetu anataka tungoje apatikane mwingine aliye hai. Huyo ndiye tutakayeandika sifa zake, na atakayempata ndiye atakayeandikwa kuwa mgunduzi. Kwa sasa ameandikwa Luqman.

Akanionyesha jina daftarini. Nikalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

Kepteni akaninong'oneza:

— Baba Luqman, sema kijani. Ni neno moja tu. Mficha uchi hazai.

— Mungu anajua ni kwa ajili ya mtoto, akasema Daktari.

— Kwa kuwa anajua, siwezi. Ushahidi ni wa aliyeona.

— Aliyeona tumemzika!

— Basi tumeuzika naye.

Kepteni akageuza uso akatazama barabara.

Wapiga mbizi hawamwambii mtu mahali wanapovua. Luqman alikuwa ameniambia mimi peke yangu alikolitoa jiwe hili, tena kwa kunong'ona, mama yake asisikie kina.

— Andika, mwanangu, nikamwambia Recho. Upande wa Bangwe kuna mwamba uliopasuka katikati. Kina chake ni pima nane, ubavu unaotazama kusini. Viumbe hawa wanakaa chini ya ukingo, mahali penye kivuli.

Kalamu yake ikasimama.

— Mzee, nikimpeleka mtu pale akampata, jina la Luqman nitalifuta.

— Andika.

Akaandika polepole, akanisomea, nikamsahihisha penye neno kusini.

— Kuna lingine, Mzee?

— Lipo. Huyo utakayemtuma, mwambie asishuke peke yake.